Blanketi Juu ya Betri

Kaka yangu alipoulizwa dukani UPS anayotaka kununua ataichomekea nini, alijibu, "Kompyuta." Nyumbani kwetu hatuna kompyuta. Tuna baba asiyeweza kupanda ngazi bila kusimama njiani, na mashine ya oksijeni inayonguruma chumbani kwake, na mrija mwembamba unaotoka kwenye mashine hiyo na kuishia puani mwake. Kaka alidanganya kwa sababu Baba alimtuma akadanganye. Mwenye duka naye, ambaye hana kosa lolote, akampa UPS ya kompyuta, ile ndogo yenye betri ya kumpa mtu nafasi ya kuhifadhi kazi yake na kuzima umeme unapokatika.

Siku ya kwanza umeme ulipokatika, kidude kile kililia mlio mmoja mrefu kikazima palepale. Mashine ya Baba ina mota ndani inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, na mota hiyo inakula umeme kweli kweli. Tulikuwa tumembebesha mtoto gunia la saruji. Bahati umeme ulirudi kabla Baba hajabadilika rangi. Nilipofika kutoka saluni ninakofanya kazi nilimkuta kaka ameketi sebuleni, UPS mapajani, anaitikisa kama redio ya zamani.

"Uliwaambia ni ya nini?" nilimuuliza.

"Mzee alisema niseme kompyuta."

"Na Mzee akikwambia useme anaruka angani, utasema?"

Aliendelea kuitikisa. Kaka yangu tunamwita Meneja kwa sababu anapenda kusimamia mambo, hasa yakishaharibika. Siku ile hakuwa na la kusimamia. Alijua, na mimi nilijua, kwamba baba yetu alikuwa amepona kwa bahati tu.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu Baba, la sivyo mtadhani sisi wote nyumbani tuna wazimu. Baba alikuwa kocha wa mpira. Si wa timu kubwa, ya mtaani tu, lakini mtaa mzima ulimjua kwa sauti. Akiwa uwanjani akimkemea beki, wanawake waliokuwa wakianika nguo ng'ambo ya barabara walijua beki gani amelala. Mchana alifanya kazi kwenye ghala la saruji, jioni alipiga kelele uwanjani, na vumbi la ghala likawa linamsubiri mapafuni bila haraka. Daktari alipomwambia atahitaji mashine, Baba alikubali kwa shingo upande, kisha akatoa amri moja: mtu yeyote asijue. "Sitaki kuonekana nimefungwa kamba puani kama ng'ombe," alisema. Nilicheka, naye akacheka, kisha akakohoa mpaka tukanyamaza wote.

Kwa hiyo nilirudi dukani mwenyewe. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani.

"Ile UPS mliyomuuzia kaka yangu haikuwa ya kompyuta," nilimwambia. "Ilikuwa ya mtu."

Aliweka kikombe chake chini. "Kuna mtu anapumulia mashine?"

"Baba yangu."

"Mbona kaka hakusema? Ningemuuzia vipi kitu kile?"

"Mzee hataki ijulikane."

Alinitazama. Kisha akavaa miwani yake na kuniomba picha ya kibandiko cha nyuma ya mashine, ambayo nilikuwa nimeipiga kwa simu. Aliisoma polepole. Alinieleza kwamba chombo cha kubeba mashine hii lazima kiwe na nguvu mara mbili ya zile zilizoandikwa, maana mota inapoanza kuzunguka inavuta zaidi kuliko inapokuwa imeshakolea. Akasema umeme wake uwe laini kama wa ukutani. Zipo za rahisi zinazotoa umeme wa kukwaruza. Taa haitajali, lakini mota itanguruma na kuchemka. Akaniletea moja nzito yenye betri kubwa ya pembeni, akaiweka sakafuni mbele yangu.

"Dada, nisikilize," alisema. "Hii haikupi usalama wa kulala usingizi. Inakupa muda wa kutafuta njia nyingine. Mna mtungi wa oksijeni wa akiba?"

"Hatuna."

"Utafuteni. Na hii iacheni ipumue. Pembeni pasiwe na kitu, juu pasiwe na kitu. Betri haiuawi na kazi, inauawa na joto. Kila mwezi ichomoe ukutani uone inachukua muda gani. Ukiona inapungua, usiseme kesho."

Nyumbani niliyarudia maneno hayo yote mbele ya Baba, Mama na Meneja, kwa sauti ambayo Baba alisema ingenifaa uwanjani. Kuhusu mtungi alikataa katakata. Mtungi ungepandishwaje ghorofa ya pili bila majirani kuuona? Nilibishana naye mpaka akaanza kuhema, nikaacha. Unabishana vipi na mtu ambaye kila neno lako linamgharimu pumzi? Hiyo ndiyo silaha yake, na anaijua.

UPS ile mpya ilifanya kazi vizuri. Umeme ulipokatika ililia kidogo, mashine ikaendelea kama hakuna kilichotokea, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele. Mwezi ulipoanza niliijaribu, ikakaa muda mrefu hata tukachoka kuisubiri.

Kisha jirani wa chini alikutana na Mama kwenye ngazi, akamuuliza, "Kwenu kuna nini kinachonguruma hivyo kila saa? Mmeanza kiwanda?" Alikuwa anatania. Lakini Mama si mtu wa kutaniwa juu ya amri ya mumewe. Tangu siku hiyo, kila nilipotoka kwenda saluni, alichukua blanketi zito la sufu akaifunika mashine pande zote isipokuwa nyuma, na jingine akalikunja na kuifunika UPS na betri yake. Juu yake akatandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, akaweka na chombo cha maua ya plastiki. Kilikuwa kimeza kizuri sana. Kabla sijarudi jioni alikuwa anafunua kila kitu na kukunja vizuri. Jioni moja niliigusa betri nikaiona ya moto, nikamuuliza, naye akanijibu kwamba leo joto limezidi. Mama yangu hajawahi kunidanganya maishani, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuuliza mara ya pili.

Hayo ya blanketi niliyajua baadaye. Nayasema sasa ili mjue ni nini kilichokuwa kinapikika chumbani siku wageni walipokuja.

Walikuja mchana, watatu, bila taarifa. Nahodha wa timu ya zamani ya Baba, ambaye sasa ana kipara na mabega bado mapana vilevile. Kipa wake, mrefu wa kuinama mlangoni. Na winga mmoja ambaye zamani walimwita Upepo na sasa ana kitambi. Safari hii Mama hakuwahi kusema, kama alivyozoea kuwaambia, kwamba Baba ametoka, maana Baba mwenyewe alikohoa ndani na wote wakasikia. Meneja hakuwepo, kwa hiyo Mama alinipigia mimi simu akininong'oneza, "Njoo upesi." Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa haijasukwa, nikakimbia.

Nilipoingia, Baba alikuwa ameshaketi sebuleni kwenye kiti chake, shati limefungwa mpaka juu, hana mrija puani. Mashine ilikuwa imezimwa ili isisikike. Daktari alisema anaweza kukaa bila hiyo kidogo, kwa mfano anapooga. Baba alikuwa ameamua kwamba wageni nao ni kama kuoga.

"Kocha, umekonda," Nahodha alisema.

"Uzee," Baba alijibu.

"Lakini unaonekana uko sawa."

"Niko."

Neno moja, na jingine moja. Mimi na Mama tulijua kwa nini. Alikuwa anahesabu hewa, hana ya kutupa. Lakini wale wanaume walimjua mtu ambaye ukimwuliza habari ya asubuhi anakupa mkutano mzima. Niliona Winga anamtazama Kipa, na Kipa anatazama sakafu. Mama alileta chai. Baba aliweka mkono kwenye kikombe chake bila kukiinua, maana kuinua kikombe nako ni kazi.

Ndipo feni ya darini ilipopunguza mwendo, ikazunguka kwa uvivu, ikasimama.

Umeme ulikuwa umekatika. Chumbani, chini ya blanketi lake, UPS ikaanza kulia. Ilikuwa sauti ndogo iliyozibwa, kama kifaranga aliyefungiwa kabatini. Pii. Kimya. Pii.

"Nini kinalia?" Kipa aliuliza.

"Simu ya binti," Mama alisema kabla sijafumbua mdomo.

Nilichukua simu yangu, nikaenda nayo dirishani, nikajifanya nabonyeza. Ndani ikaendelea. Pii. Niliketi tena nikamtazama Baba. Kucha zake zilikuwa zimeanza kuwa na ule weusi wa zambarau ninaouogopa kuliko kitu chochote duniani. Nilimfanyia ishara ya macho kuelekea chumbani. Alitazama pembeni.

Niliomba moyoni waondoke. Niliwachukia, kusema kweli, wale wanaume watatu na vikombe vyao. Kila walipovuta pumzi niliona kama wanamwibia.

Nahodha aliweka kikombe chini, akasugua magoti yake kwa viganja. "Kocha, hatukuja kunywa chai. Kama kuna kitu tumekukosea, tuambie. Sisi ni watu wazima."

"Hakuna," Baba alisema.

"Mbona basi..." Nahodha alisita. "Hivi unataka tuondoke?"

Baba hakujibu. Nadhani alikuwa analitafuta jibu, lakini jibu la swali lile lilihitaji sentensi nzima, na sentensi nzima hakuwa nayo. Winga akaweka mikono kwenye kiti kama anayetaka kusimama, uso umemshuka. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba wanakwenda.

Lakini Baba ndiye aliyesimama wa kwanza. "Chooni," alisema, akashika ukuta. Nilimfuata kana kwamba nilikuwa naelekea huko huko. Tulipoingia chumbani nilisukuma mlango kwa kisigino, nikamketisha kitandani, nikageukia mashine.

Hapo ndipo nilipokiona kile kimeza kizuri.

Kwa muda mfupi sikuelewa ninachokitazama. Kisha nilitupa maua, nikatupa kitambaa, nikavuta blanketi, na joto likanipiga usoni pamoja na harufu ya mayai yaliyooza. Ubavu wa betri ulikuwa umetuna. Plastiki yake, iliyokuwa imenyooka kama tofali, sasa ilikuwa na tumbo. UPS ilikuwa bado inalia, lakini haraka haraka.

Nilimvisha Baba mrija, nikabonyeza kitufe cha mashine. Ilipiga kengele yake ndogo ya kuanza. Mota ikavuta pumzi moja, ikavuta ya pili. Nikaona kifua cha Baba kinapanda. Kisha UPS ikatoa mlio mrefu usiokatika, na kila kitu kikazima.

Nilibonyeza tena. Na tena. Nilichomoa, nikachomeka. Hakuna hata taa moja iliyowaka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama blanketi sakafuni, akatazama betri, akanitazama mimi. Nilibana kile kidude cha kupimia oksijeni kwenye kidole cha Baba. Kilisoma namba niliyowahi kuiona mara moja tu, siku tuliyomkimbiza hospitali.

"Nawaita wale," nilisema. "Wambebe. Kinyozi hapo chini ana jenereta."

Baba alinikamata mkono. Alikuwa bado na nguvu za ajabu vidoleni. Alitikisa kichwa. Midomo yake ilisema "Usi..." na haikuimaliza.

Na mimi, mwenye ulimi usio na breki, mimi niliyemfokea kila mtu katika nyumba ile, nilisimama pale mkono wangu umeshikwa na sikuweza kusogea. Alikuwa baba yangu. Maisha yangu yote, Baba akisema hapana ilikuwa hapana. Nilimtazama machoni nikaona anajua kabisa kinachotokea. Alikuwa amechagua. Angekufa kiume kitandani mwake, na wale waliokuwa sebuleni wangekwenda nyumbani wakimwona bado ni yule yule.

Mama ndiye aliyegeuka. Aliufungua mlango mpaka mwisho, ukagonga ukuta, akasimama katikati ya sebule akiwa peku.

"Mume wangu hana hewa," alisema. Sauti yake ilipasuka. "Anaumwa mapafu, anapumulia mashine, mashine imezima. Nimeiua mimi. Msaidieni."

Sikumbuki waliinukaje. Ninachokumbuka ni kwamba chumba kilijaa mabega. Nahodha alimtazama Baba mara moja tu, mrija puani, macho yamemtoka. Alikwenda sebuleni akarudi na kiti cha mbao, wakamketisha, Nahodha akashika nyuma, na Winga na kitambi chake akashika miguu ya mbele. Kipa aliikumbatia mashine kifuani. Mimi nilishika mrija usije ukakanyagwa, ingawa mrija wenyewe haukuwa na kitu ndani.

Ngazi zetu ni nyembamba na kona yake ni mbaya, hata godoro hupita kwa kubembelezwa. Winga alishuka kinyumenyume, anapapasa kila ngazi kwa unyayo. Kwenye kona kiti kiligoma. Mguu mmoja wa kiti ulinasa kwenye reli, na wakati wanavuta, kichwa cha Baba kilianguka pembeni.

"Baba!" nilipiga kelele. "Baba, nitazame!"

Macho yalifunguka, yakafumba.

"Mwinue juu!" Kipa alinguruma kutoka nyuma. "Juu, we Nahodha, juu!" Nahodha aliinua kiti chote mpaka kifuani mwake, Baba ndani yake, mishipa ya shingo imemsimama, wakapita juu ya reli. Jirani wa chini alikuwa amefungua mlango. Aliona kila kitu. Alirudi ndani mbio, akatoka na feni ya mkono ya kupepea, akatufuata akimpepea Baba, bila kuuliza kitu.

Kwa kinyozi jenereta lilikuwa linaunguruma nje mlangoni na mteja alikuwa kitini, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine bado msitu. Nilimweleza kwa maneno yasiyozidi pumzi moja.

"Jenereta yangu ni ndogo," Kinyozi alisema huku tayari akichomoa. "Haitabeba na taa." Alichomoa mashine za kunyolea, taa, redio, feni, kila kitu, mpaka ukuta ukabaki na matundu. Mteja aliruka kutoka kitini na shuka lake shingoni. Tulimweka Baba pale, kwenye kiti kikubwa cha kuzunguka, kinachotazama kioo.

Nilichomeka mashine. Nilipobonyeza kitufe, mota ilivuta, na nje jenereta likashuka sauti ghafla, likakohoa, likataka kufa. Kinyozi alitoka kwa kuruka, akachezea kitu alichokijua yeye. Hakuna aliyepumua mle dukani, wazima wala mgonjwa. Jenereta likakohoa tena. Kisha likapandisha sauti polepole, likashika, na mashine ikapiga kengele yake na kuanza kunguruma.

Nilishika mrija karibu na shavu langu. Hewa ilikuwa inatoka. Nikaupachika puani mwa Baba na kumshika kidevu.

Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Mama alikuwa ameketi chini sakafuni, kwenye nywele za watu zilizokatwa, ameshika kifundo cha mguu wa Baba kwa mikono miwili. Nilimtazama pale na hasira yangu yote ikiwa tayari mdomoni, na nikagundua sina wa kumpa. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika mabega.

Midomo ya Baba ilianza kurudi rangi yake. Kidude cha kidole kilipanda, kikashuka kidogo, kikapanda. Hatimaye alifungua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni yeye mwenyewe kwenye kioo cha kinyozi, mrija puani. Nyuma yake walikuwa wanaume wake watatu. Nyuma yao mteja wa nusu kichwa, jirani wa chini, na dirishani watu wa mtaa waliosimama kutazama, maana duka la kinyozi ni vioo vitupu. Kila alichokificha kilikuwa pale mbele yake, na hakuwa na nguvu ya kugeuza kiti.

Alifumba macho. Machozi yakamtoka, akaacha yatoke.

Nahodha alikuwa bado anahema kwa ajili ya ngazi. Shati lake lilikuwa limeraruka begani. Nilidhani atasema pole. Hakusema pole.

"Nimekuja kwako mara ngapi, Kocha?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika. "Naambiwa umetoka. Viatu vyako viko mlangoni, na mimi naambiwa umetoka. Najua viatu vyako! Nikawaambia hawa, Kocha ametutupa. Nikakusema, Kocha. Nimekusema vibaya kwa watu, kwamba umekuwa mtu wa kiburi, kwamba hutujui tena." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kumbe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani," Baba alisema.

"Unatusikia?"

"Nawasikia." Alisubiri mashine impe hewa. "Nilikuwa nawasikia mnavyoshuka ngazi."

Winga aligeuka akatazama ukutani. Kipa, ambaye bado alikuwa ameweka mkono juu ya mashine kana kwamba mtu atakuja kuichukua, alisema kwa sauti ya chini, "Sasa kwa nini, Kocha?"

"Sikutaka mnione hivi."

"Basi tumekuona," Nahodha alisema.

Nje jenereta liliendelea, ndani mashine iliendelea. Mteja wa nusu kichwa aliketi kimya kwenye benchi na shuka lake, akakubali kwamba kwa leo amenyolewa alivyonyolewa.

Umeme ulirudi ghafla, kama unavyorudi siku zote. Kinyozi alizima jenereta na kuihamishia mashine ukutani, ikalia kidogo na kuendelea, na duka likawa kimya mpaka tukasikia watu wakizungumza barabarani. Kimya kile kiliwafanya wale wanaume wakumbuke adabu. Walinyoosha mashati yao. Nahodha alimwinamia Baba, akamnyooshea mkono wa kuaga.

"Haya, Kocha. Tumekuchosha. Tukuache upumzike."

Baba aliushika mkono ule, na hakuuachia. Nahodha alisubiri kidogo akidhani ni udhaifu, akajaribu kuutoa taratibu. Vidole vya Baba vilikuwa vimeshika kama vilivyonishika mimi kule juu.

"Kaeni," Baba alisema.

"Kocha, unahitaji..."

"Kaeni." Alivuta hewa, akamtazama kila mmoja kupitia kioo, Nahodha, Kipa, Winga. "Msiondoke. Naomba."

Sikuwahi kumsikia baba yangu akitumia neno hilo. Kinyozi alivuta benchi, na wakaketi.